Ipo, Iko, Imo

Sampuli namba kumi na saba imetoka Cwmhelyg,
kijiji cha Wales chenye makanisa mawili, baa moja,
na kiwanda ambacho ramani za wakati wa vita zilikataa kukichora.
Kaileta Bi Eluned Probert mwenyewe,
ndani ya kopo la biskuti lililofungwa kwa uzi wa kushonea.
Tuna mifuko maalumu, nikamwambia.
Akasema, kopo hili lilikuwa la mama.

Mama yake alijaza mabomu miaka minne.
Viganja vikawa manjano, nywele za mbele zikashika rangi ya kutu,
na foronya aliyolalia ilibaki na doa la kichwa chake
hata alipokwisha kuzikwa.
Kiwanda kilibomolewa. Nyumba zikajengwa juu.
Bustani ya Bi Eluned iko pale palipokuwa na mtaro wa kuoshea ndoo.

Kazi yangu ni kumimina maji.
Nashindilia udongo katika bomba la kioo,
urefu wa dhiraa moja,
naunyeshea mvua yangu ya bandia, tone, tone,
halafu nangoja chini na chupa kama mkamua mbuzi.

RDX hutoka mapema.
Haigombani na mtu. Inapita kwenye mchanga
kama mpangaji anayehama usiku, viatu mkononi.
Inafuata maji, maji yanafuata mteremko,
na mteremko wa Cwmhelyg
unaishia kisimani kwa kina Bevan.

TNT ni kisa kingine.
Siku mbili ni mgeni. Ya tatu udongo unampa jembe.
Vijidudu vinamvua oksijeni mojamoja
kama vifungo vya koti;
anapewa jina jipya, anaingia ukoo wa mboji,
anang'ang'ania mfinyanzi,
na ukimwita kwa jina la kiwandani haitiki.

Nimemwita kwa asetoni. Nimetikisa saa kumi na nane.
Mashine ikachora mstari bapa kama meza.
Fomu ina visanduku viwili:
imeonekana, haikuonekana.

Kalamu ikasita.
Katika lugha niliyonyonya, kitu hakiwi kiwe tu.
Kipo: nakiwekea kidole.
Kiko: upande ule, kaulize mbele.
Kimo: ndani, kimejifungia, na ufunguo kimeumeza.
RDX iko.
TNT imo.
Fomu haina nafasi ya ile m.
Nikatia alama kwenye haikuonekana,
kwa kuwa ni kweli,
na kwa kuwa saa kumi na moja gari la posta huondoka.

Bi Eluned akapiga simu Alhamisi. Swali moja:
nipande liki?
Panda, nikasema, lakini kwenye tuta la kuinuliwa,
kwa udongo wa dukani.
Maji ya kisima usiguse, hata ya chai.
Waambie na kina Bevan.
Nikasikia birika lake likilia kule, na yeye halizimi.
Kwa hiyo udongo umeishika, akasema.
Umeishika.
Mpaka lini?

Methali ya kwetu ikanijia mdomoni,
udongo uwahi ungali maji,
nikaimeza. Huu ulikauka mwaka wa arobaini na tano
na aliyeufinyanga hakuulizwa.
Sijui, nikasema.
Akashukuru, kama watu wa huko wanavyoshukuru
hata wakikanyagwa.

Kopo anataka arudishiwe.
Nimelisuuza mara tatu; mara ya nne maji yametoka meupe.
Nimelinusa: bati, na tangawizi kwa mbali.
Ila pembeni, chini ya mshono,
imebaki chembe nyeusi
isiyotoka kwa maji wala kwa ukucha.

Nimeiacha.